Kubadilisha mkanda wa taimingi wa Corolla 110 nyumbani

Mkanda wa taimingi hautoi taarifa. Breki zikiisha hulia, betri ikichoka stata hukoroma asubuhi. Mkanda hukatika tu gari likiwa kwenye mwendo, na injini ikazima palepale. Ukijaribu kuwasha, stata inazunguka upesi na kwa wepesi usio wa kawaida, lakini injini haishiki. Hapo safari imekwisha, na kwa baadhi ya injini gharama ndiyo kwanza inaanza.

Kuubadilisha hakuhitaji gereji kubwa. Kunahitaji uwanja ulio sawa, spana za kawaida, siku nzima isiyo na haraka, na mtu aliye tayari kuhakikisha alama tatu zimekaa mahali pake kabla ya kugusa ufunguo. Wengi wanaoharibu kazi hii hawashindwi na bolti, wanashindwa na alama. Mwongozo huu unafuata injini ya 5A-FE iliyomo kwenye Corolla 110, na maelezo yake yanafaa pia kwa 4A-FE na 7A-FE, ndugu zake waliomo kwenye Corolla 100, Sprinter na Carina za miaka ya 1990.

Kwanza ijue injini yako

Fungua boneti utafute kibati cha utambulisho kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria. Kimeandikwa aina ya gari, kwa mfano AE110, na aina ya injini. Usinunue kitu kabla ya kukisoma, maana magari mengi yanayofanana kwa nje yana injini tofauti. IST, Vitz na Premio za kuanzia 2001 zenye injini za 1NZ na 1ZZ hutumia cheni, na cheni haibadilishwi kwa ratiba ya mkanda. Ukitazama upande wa puli, injini ya mkanda imefunikwa kwa makava ya plastiki, ya cheni imefunikwa kwa chuma.

Jambo la pili la kujua ni kama valvu na pistoni za injini hiyo zinaweza kugongana. Kranki hupandisha na kushusha pistoni, kemshafti hufungua na kufunga valvu, na mkanda ndio unaozifanya ziende pamoja. Ukikatika, kranki inaendelea kuzunguka kidogo wakati kemshafti imesimama. Kwenye injini nyingi, hasa za dizeli, pistoni hupanda ikazikuta valvu ziko wazi, zikapinda. Familia hii ya 5A-FE ina nafasi ya kutosha kati ya pistoni na valvu, hivyo mkanda ukikatika kwa kawaida valvu hupona. Ndiyo sababu ni injini nzuri ya kujifunzia.

Ubadilishwe lini

Kipimo kinachotumika Japani kwa injini hizi ni kilomita 100,000. Kwa gari lililoingia likiwa limetumika, kilomita za kwenye dashibodi peke yake si ushahidi wa kutosha. Tafuta stika ndani ya boneti au juu ya kava la mkanda: gereji za Japani huwa na desturi ya kubandika karatasi yenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu ndogo, kama 12, huenda umehesabiwa kwa kalenda ya zama za Heisei. Ongeza 1988 upate mwaka wa kawaida. Heisei 12 ni mwaka 2000.

Usipoona stika na historia ya gari huijui, chukulia kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa. Mpira huzeeka hata gari likisimama uani, na joto la pwani haliusaidii. Tazama pia mafuta. Injini ikivuja oili kwenye sili ya kranki au ya kemshafti, mkanda unalowa, mpira unalainika na meno yanaachia mapema kuliko kilomita zake.

Spea na vifaa

Nunua mkanda, tenshena (ile rola inayoukaza), sili ya oili ya mbele ya kranki, sili ya kemshafti na gasketi ya kava la tepeti. Springi ya tenshena ikiwa imeliwa na kutu, nunua na hiyo. Ukienda kwenye maduka ya spea ya Kariakoo au Kirinyaga Road, nenda na namba ya injini na namba ya chesisi, usiende na maneno “ya Corolla” tu. Muulize muuzaji maswali, shika mkanda mkononi, soma jina la kiwanda na namba yake mgongoni, na ukague kama maandishi ya kwenye boksi yanalingana na yaliyo kwenye mkanda. Mkanda bandia hung'aa vizuri siku ya kwanza. Hapa rahisi ni ghali kweli.

Pampu ya maji usiinunue bila sababu. Kwenye 3S-FE ya Noah na RAV4 za zamani, pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, na ni busara kuibadilisha siku hiyohiyo. Kwenye 5A-FE huzungushwa na mkanda wa alteneta. Ikaguliwe tu: ukiona michirizi ya maji yaliyokauka au shafti inacheza, ibadilishe, ikiwa kavu na imetulia, iache.

Vifaa ni soketi za 10, 12, 14, 17 na 19, soketi ndefu ya plagi ya 16, mpini mrefu wa chuma, jeki mbili, stendi za kuegemeza gari, kipande cha ubao, bisibisi, toki renchi (spana inayopima nguvu ya ukazaji), na kichupa cha tipeksi cha kuwekea alama. Toki renchi ukikosa, azima, usikisie.

Kuandaa gari

Fanya kazi injini ikiwa baridi, gari likiwa juu ya sakafu ngumu. Mchanga na udongo laini humeza jeki. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, vuta hendibreki, fungua waya hasi wa betri.

Upande wa puli uko kulia, yaani upande wa dereva kwa magari yetu. Legeza nati za gurudumu la mbele kulia likiwa bado chini, kisha inua, weka stendi, ndipo utoe gurudumu. Jeki ni ya kuinulia tu; usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Toa kava la plastiki lililo ndani ya madigadi, utaiona puli ya kranki ikiwa wazi mbele yako.

Kufungua

1. Legeza kwanza bolti za puli ya pampu ya maji wakati mkanda wa alteneta bado umekaza, maana mkanda wenyewe ndio unaozuia puli isizunguke. Kisha legeza alteneta, pampu ya stelingi na mkanda wa AC, uitoe mikanda yote ya nje. Mabomba ya AC usiyafungue.

2. Toa waya za plagi ukiziwekea namba, kisha toa plagi zote nne. Bila plagi hakuna mgandamizo kwenye silinda, na injini itazunguka kwa mkono bila kukurukia. Ziba matundu kwa vitambaa safi.

3. Toa kava la tepeti. Kava la juu la taimingi haliwezi kutoka vizuri kava la tepeti likiwa limefungwa, na isitoshe alama ya kemshafti utaiona vizuri zaidi. Tandika kitambaa safi juu ya valvu. Nati ikidondokea humo itakula siku yako nzima.

4. Weka jeki ya pili chini ya kata la oili (sampu) ukitanguliza ubao, uinue taratibu mpaka uzito wa injini ushikwe, bila kuipandisha. Sasa fungua maunti ya injini ya kulia. Mkanda hauwezi kupita maunti ikiwa mahali pake.

Chukua karatasi ngumu ya boksi, uchore umbo la makava ya taimingi, na kila bolti unayoitoa uichomeke mahali pake kwenye mchoro. Bolti zote ni za spana ya 10 na zinafanana kichwa, lakini urefu unapishana. Ndefu ukiifunga pa fupi utapasua uzi wa alumini.

Alama tatu

Soketi ya 19 iweke kwenye bolti ya puli ya kranki. Zungusha kwa mwelekeo wa saa ukiwa unaitazama puli, kamwe usirudishe nyuma. Pembeni mwa puli kuna mkato mdogo. Uupeleke mpaka ulingane na alama ya 0 iliyoandikwa kwenye kava la chini. Utando wa vumbi na oili ukiuficha mkato, usafishe kwa brashi na uupake tipeksi.

Sasa tazama puli ya kemshafti. Ina tundu dogo. Chungulia kupitia tundu hilo: nyuma yake, kwenye kifuniko cha beringi ya kemshafti, kuna alama, na inatakiwa ionekane katikati ya tundu. Kama tundu liko mbali, umbali wa nusu duara, hujakosea. Kranki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kemshafti, kwa hiyo 0 huja mara mbili na tundu mara moja tu. Zungusha kranki duara moja kamili na alama zitakutana. Hapo pistoni ya silinda namba 1 iko juu kabisa na valvu zake zimefungwa.

Alama ya tatu utaiona baada ya kutoa puli ya kranki na kava la chini: ni nukta kwenye gia ndogo ya kranki inayokabili alama iliyochongwa kwenye mwili wa pampu ya oili. Hii ndiyo ya kuamini wakati wa kufunga mkanda. Alama ya 0 huwa kwenye kava la plastiki, na kava utakuwa umelitoa.

Bolti ya kranki huwa ngumu. Gari la gia za kawaida, weka gia namba 5 na mtu akanyage breki kwa nguvu, wewe uvute mpini mrefu. Gari la otomatiki halishikiki hivyo. Puli ina matundu mawili yenye uzi: funga humo bolti mbili za saizi yake, upitishe chuma kirefu bapa kati yake, kiegemee mahali imara, ndipo ufungue. Mtindo wa kuegemeza spana chini na kupiga stata uache. Spana ikichomoka inavunja mkono. Bolti ikikataa kabisa, mwite fundi mwenye mashine ya upepo ailegeze, kisha uendelee mwenyewe. Ikishalegea, hakikisha tena alama, maana kranki huenda imesogea.

Kutoa mkanda wa zamani

Kabla ya kuugusa, paka tipeksi kwenye mkanda na puli mahali alama zilipo, juu na chini. Legeza bolti ya tenshena, isukume mbali na mkanda mpaka mwisho wake, uibane hapo kwa muda, uchomoe mkanda. Toa pia kisahani kilicho mbele ya gia ya kranki ukikumbuka kinavyokaa: upande wake ulio kama kisosi hutazama nje.

Uweke mkanda wa zamani mezani ukaribiane na mpya. Upana uwe sawa, umbo la meno liwe sawa, na uhesabu meno ya mikanda yote miwili. Yakipishana hata moja, rudi dukani. Kisha usome huo wa zamani. Nyufa mgongoni ni uzee. Ukingo mmoja uliolika unaonyesha puli iliyokaa upande au kisahani kilichogeuzwa. Meno yaliyolainika na kunata ni oili, na hapo kubadilisha mkanda bila kubadilisha sili ni kuanza kuhesabu upya kuelekea tatizo lilelile.

Sili ya zamani itoe kwa bisibisi iliyozungushiwa utepe, taratibu. Mkwaruzo mmoja kwenye shafti utavuja maisha yake yote. Mpya ipake oili kidogo mdomoni, uisukume kwa bomba lenye kipenyo sawa nayo mpaka ilingane na ukingo. Tenshena mpya izungushe kwa kidole: inatakiwa itembee kimya na kwa uzito kidogo. Ya zamani huwa inazunguka bure kwa muda mrefu au inatoa mchakacho wa mchanga.

Kufunga mpya

Futa oili yote kwenye puli na mikono yako. Mkanda usiukunje, usiupindue ndani nje, wala usiupenyeze kwa bisibisi. Nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana kwa nje. Ukiwa na mshale mgongoni, ufuate mwelekeo wa saa.

Anza na gia ya kranki, alama yake ikiwa inakabili ya pampu ya oili. Panda na upande usio na tenshena, ukiuvuta mkanda usiachie ulegevu wowote, uuvishe kwenye puli ya kemshafti tundu likiwa kwenye alama. Ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Meno yakikataa kuingia kwa tofauti ya nusu jino, isogeze kemshafti kidogo kwa spana, usiulazimishe mkanda. Sasa legeza bolti ya tenshena uiache springi iusukume yenyewe. Usiongeze nguvu kwa bisibisi au kwa mkono. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unavuma na kuua beringi.

Zungusha kwa mkono

Rudisha bolti ya kranki ukiikaza kidogo tu, na uzungushe injini kwa mwelekeo wa saa, polepole, duara mbili kamili, mpaka alama ya gia ya kranki irudi kwenye ile ya pampu ya oili. Mikono yako isikilize. Injini bila plagi inatakiwa kwenda kwa uzito unaopanda na kushuka kidogo pale valvu zinapofunguka. Ukikutana na kizuizi kigumu, simama hapohapo, usikisukume, tafuta sababu yake.

Baada ya duara mbili tazama alama tena. Alama za tipeksi ulizopaka kwenye mkanda zitakuwa zimehama, hilo ni la kawaida. Zinazohesabika ni zile za kwenye chuma. Zikikutana, kaza bolti ya tenshena kwa Nm 37. Kisha bonyeza mkanda katikati ya upande ulio kinyume na tenshena kwa nguvu ndogo ya kidole, kama ya kilo mbili: uzame milimita 5 hadi 6.

Zikipishana jino moja, toa mkanda urudie. Injini itawaka hata kwa jino moja, na ndiyo maana wengi huacha hivyo. Lakini itanguruma bila utulivu, itakosa nguvu mlimani na itakunywa petroli, na utakuja kubadilisha plagi na koili bure ukitafuta ugonjwa ulioufunga mwenyewe.

Kurudishia na kuwasha

Rudisha kisahani, makava kwa mpangilio wa karatasi yako, kisha puli ya kranki ukikaza bolti yake kwa Nm 118. Maunti ifungwe kabla ya kushusha jeki ya injini. Kava la tepeti lifungwe na gasketi mpya, nati zake zikikazwa kidogo kidogo kwa zamu, kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Plagi Nm 18. Mikanda ya nje, betri, gurudumu, na nati za gurudumu Nm 103 gari likiwa limeshushwa.

Hesabu vifaa na soketi zako zote. Ndipo uwashe. Injini inatakiwa kushika mara moja na kutulia. Mlio wa kukwaruza kutoka kwenye makava unamaanisha mkanda unagusa plastiki. Mvumo mwembamba unaopanda na mwendo, mkanda umebana mno. Kwa vyovyote vile zima, fungua, tazama. Ikitulia, endesha mitaani kidogo, rudi ukague kama kuna oili inayovuja, na ubandike stika yako ya tarehe na kilomita.

Injini zisizo za kujifunzia

Ukishafanikiwa kwenye 5A-FE utatamani kufungua HiAce ya jirani. Ngoja. Dizeli za 2L, 3L na 5L nazo zina mkanda, lakini kwao kosa la alama linapindisha valvu, na mkanda huohuo unazungusha pampu ya dizeli, kwa hiyo kuna alama nyingine ya kulinganisha. Injini ya namna hiyo ifanye mara ya kwanza ukiwa pembeni ya fundi anayeijua. Na kwa injini yoyote, iwe yako au ya mtu, kama hujaizungusha kwa mkono duara mbili ukaona alama zimerudi, usiruhusu mtu yeyote aguse ufunguo.